Runinga inayosikiliza Kiingereza tu

Ipagala, Dodoma, Jumapili.

Tangu tulete runinga hii ya kuongea nayo, ukubwa wa sebule umehamia kwa mtoto wa darasa la tano. Zamani mwenye rimoti ndiye mwenye nyumba, na baba yao alikuwa anasinzia ameishikilia. Siku hizi binti anabonyeza kitufe cha maiki, anashusha Kiingereza chake cha shule, katuni hizo hapo. Baba kabakiwa na rimoti ya king'amuzi, ile iliyofungwa mpira kwa sababu kifuniko cha betri kilishapotea.

Mama yangu yuko hapa, ametoka Mpwapwa, anasubiri upasuaji wa mtoto wa jicho. Vitufe havioni kabisa. Jana jioni nikamwambia, "Mama, we sema tu unachotaka." Akaisogeza rimoti mdomoni, akamwomba mwanamuziki wetu wa Kigogo kwa adabu zote: "Naomba uniwekee Hukwe Zawose." Ikaja video ya mtu anaosha gari. Akaomba ngoma ya muheme. Hapo ikaandika neno la Kiingereza ambalo sitalirudia hapa, binti akaanguka chini kwa kicheko. Mama akanirudishia rimoti. "Huyu hajawahi kufika Dodoma."

Nimepekua orodha ya lugha kwenye mipangilio. Kiswahili hakimo, seuze Kigogo. Nimekasirika kuliko nilivyotarajia, maana mtu mwenye shida na vitufe humu ndani ni mmoja tu, na ndiye runinga isiyemwelewa. Mtoto mwenye macho makali angeweza kubonyeza hata gizani.

Halafu bando. Maneno unayoiambia runinga husafirishwa kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za mbali ndipo yaeleweke. MB zikiisha, maiki inabaki pambo. Rimoti ya king'amuzi yenyewe inarusha mwanga wa infraredi, basi, haihitaji mtandao wala haimuulizi mtu amesoma wapi. (Ikigoma, ielekeze kwenye kamera ya simu ubonyeze. Simu nyingi zitakuonyesha kitaa kinawaka japo jicho halikioni. Kisipowaka, badilisha betri kabla hujamwita fundi.)

Kilichonichekesha ni kwamba rimoti ya sauti si jambo geni. Mwaka 1956 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa rimoti isiyo na betri: ukibonyeza, kinyundo kinagonga kijiti cha aluminiamu, kinatoa mlio mwembamba ambao sikio la mtu haliupati, runinga inatii. Mlio ule hata mama angeupiga.

Mwishowe nilichukua simu. Kibodi ya Google inapokea Kiswahili cha kutamka tangu 2017, na inajitahidi. Nikabonyeza maiki, mama akasema, "ngoma ya muheme ya Wagogo," ikakosea herufi moja tu, nikairusha video kwenye runinga. Wanawake wakatokea na ngoma zao mapajani. Mama akaanza kutikisa mabega palepale kwenye kochi, binti akaacha kucheka akasogea kuangalia.

Saa mbili kamili baba yao akaja kutaka taarifa ya habari.

"Subiri kidogo, baba," mama akamwambia bila kugeuka.

Mkwe atabisha nini? Alienda kusikiliza redio kwenye gari.