Shahidi Asiyesema kwa Mdomo

Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inamruhusu shahidi asiyeweza kusema atoe ushahidi wake kwa maandishi au kwa ishara. Tatizo huanza pale shahidi anapokuwa hakusoma, na ishara zake ni za nyumbani, ambazo hata mkalimani wa Lugha ya Alama hazifahamu.

Hapa Tanga, jirani yangu kiziwi alipoitwa katika kesi ya wizi wa mbuzi, aliyemtafsiria alikuwa kaka yake, ambaye ndiye mlalamikaji mwenyewe! Wakili akauliza, "Si kweli kwamba hukumwona mshtakiwa akimfungua mbuzi?" Jirani akatikisa kichwa. Je, hakumwona, au si kweli? Hata sisi tunaosikia tulitazamana.

Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1999 iliweka utaratibu wa msaidizi wa mawasiliano, ambaye hukutana na shahidi mapema, hupima kiwango chake cha kuelewa, kisha huishauri mahakama jinsi ya kumuuliza: swali moja moja, kwa maneno mafupi, bila kukanusha mara mbili. Sheria hiyo inaruhusu pia vifaa, ukiwamo ubao wa picha, ambao nao unahitaji uangalifu, kwa kuwa ubao wenye sura ya mshtakiwa pekee umekwisha kumjibia shahidi; lazima uwe na nafasi ya "sijui" na "sielewi".

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 13 inadai marekebisho ya namna hiyo mahakamani na polisi. Mimi ningeanzia polisi, maana maelezo yakishaandikwa vibaya kituoni, hakimu hupokea kosa lililokwisha kupigwa muhuri.