Kigoma 1914 kwa kipimo cha 1:87: reli imefika ziwani, sasa zamu ya meli

Waliokuwa wakiuliza reli yangu ya mfano imefika wapi: imefika ziwani, Ziwa Tanganyika. Njia zote za stesheni zimelazwa juu ya plaiwudi, kokoto zimemwagwa, gundi imekauka. Limebaki gati, na ile meli.

Kwa mgeni wa mradi huu, ninajenga mfano wa kipande kidogo cha Reli ya Kati kama kilivyokuwa mwishoni mwa 1914, kila kitu kikiwa kidogo mara 87 kuliko halisi. Wajerumani walianza ujenzi Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Februari 1914 reli ikafika Kigoma. Ni kilomita 1,250 hivi. Kwa kipimo changu hizo ni kilomita 14 na ushei, kwa hiyo asiniulize mtu kwa nini nimechukua stesheni ya mwisho peke yake.

Mataruma, vile vipande vya kukingama vinavyobeba reli, ndiyo yaliyokula muda. Reli ndogo za dukani huja na mataruma ya plastiki yaliyochorwa mistari ya mbao, nami mbao siitaki. Wajerumani walilaza njia hii juu ya chuma, sababu kubwa ikiwa mchwa. Taruma la chuma si bapa. Limekunjwa kama mtumbwi uliopinduliwa, na ncha zake zimeinamishwa ili ling'ang'anie kokoto lisiteleze kando. Kwa hiyo nilikata bati la makopo ya maziwa, nikalikunja kwenye ukingo wa rula, nikalipaka rangi ya kutu. Ukitazama kwa karibu utaona tofauti. Ukitazama kwa mbali huoni kitu, lakini mimi najua ipo.

Kati ya reli na reli nimeacha milimita 12. Geji ya mita, yaani mita moja kati ya reli mbili, ingetaka 11.5, ila magurudumu ya 12 yanapatikana, na hiyo nusu milimita sitaigombania.

Haya, meli. Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakaja Dar es Salaam kwa bahari na yakapanda treni. Mafundi watatu walitoka Papenburg pamoja nayo, kiongozi wao Anton Rüter, na huko Kigoma meli ikaungwa upya, ribiti kwa ribiti (zile pini za chuma zinazoshikanisha mabamba), Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa tayari vimeanza. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Leo tunaiita MV Liemba.

Wapenzi wa treni huhangaika na vichwa vya treni: mabomba, magurudumu, rangi ya tenki. Kwangu mimi utamu wa reli hii uko kwenye mzigo. Njia nyembamba ya mita moja, changa kabisa, imebeba meli ya mita 70 kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika! Ndiyo maana mabehewa yangu yote ni ya wazi, yamejaa mabamba na masanduku, na kichwa kimoja kinatosha.

Pia ndiyo maana sijengi Ujiji, ingawa jina lake ni kongwe zaidi. Kabla ya reli, misafara ya biashara ilikuwa ikitoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Reli ilipita Tabora, lakini mwanzo wake ukawa Dar es Salaam na mwisho wake Kigoma, kwenye ghuba yenye kina kizuri. Miji miwili ya misafara ikaachwa kando, mmoja kila upande.

Tatizo langu sasa ni nafasi. Mita 70 kwa kipimo hiki ni sentimita 80, meli inazidi treni yangu nzima. Nimeamua kuonyesha nusu ya mbele tu, mbavu zikiwa wazi na mabamba ya chini yameshapigwa ribiti, nusu nyingine ikatwe na ukuta wa nyuma. Mbavu nazichonga kwa kadibodi ngumu iliyolowekwa gundi. Zikikaa sawa naingia kwenye masanduku. Yote 5,000 sitayafikisha, ila rundo lazima lizidi kimo cha mtu, na mtu wangu ana milimita 20.