Nilivyokagua lundo la kifusi Maweni kabla ya masika

Mimi ni mwashi hapa Amu, yaani mji wa Lamu, na mawe yangu mengi, ya matumbawe, hutoka Maweni, kisiwani Manda. Kule kuna timbo ambalo kifusi chake kimelundikana hadi kikaota miti, na njia ya watoto kwenda gatini ilikuwa ikipita chini yake. Wenyeji waliniomba nilitazame kabla mvua hazijaanza.

Maarifa yenyewe niliyaokota wakati wa ubishi wa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokuwa kijengwe Kwasasi, huku huku Lamu. Tuliuliza sana majivu yatamwagwa wapi, mpaka leseni ilipofutwa na mahakama ya mazingira tarehe 26 Juni 2019. Katika kuuliza huko nikasoma habari za Aberfan, kule Wales, ambako tarehe 21 Oktoba 1966 lundo la mabaki ya mgodi wa makaa lilishuka mlimani likafukia shule ya msingi na nyumba jirani. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Lile lundo, namba 7, lilianza kumwagwa mwaka 1958 juu ya chemchemi.

Kwa hiyo pale Maweni sikuanza na kimo. Nilianza chini, kwenye kitako, nikitafuta maji.

Jua lilikuwa kali, lakini upande mmoja kifusi kilikuwa na unyevu na udongo wake umetuna kuelekea njiani. Hapo hapo palikuwa na mwarobaini mchanga umelala upande, shina limenyooka kabisa. Mti ukisukumwa polepole kwa miaka hupinda ukirudi juu. Huu haukuwa umepata muda wa kupinda, kwa hiyo msukumo ulikuwa wa karibuni.

Mzee mmoja wa timboni hakuridhika. "Fundi, lundo hili limekaa tangu sijaoa. Leo lianguke kwa nini?"

"Mzee wangu, zamani mlikuwa mkimwaga mawe matupu," nikamwambia. "Sasa mnamwaga na udongo wa juu na unga wa mawe."

Mawe matupu hupitisha maji. Unga huziba matundu, maji yakabaki ndani, na uzito ukaongezeka huku kifusi kikilegea. Tena unga wa matumbawe ukikauka hushikana, ukingo ukasimama wima kama ukuta. Huo ndio unaodanganya watu. Nilichora kwenye ubao nusu duara yenye alama za nyuzi za pembe, nikafunga uzi wa timazi katikati, nikaulaza ubao juu ya mteremko. Kifusi kikavu kisichoshikana hutulia kwenye nyuzi 35 hivi, au zaidi kidogo mawe yakiwa makubwa yenye ncha. Chini nilipata karibu na hapo. Juu uzi wa timazi ulizipita nyuzi hizo kwa mbali kabisa.

Huko juu, nyuma ya ukingo, nikakuta ufa unaofuata ukingo kwa mduara. Nilipigilia vigingi pande zote mbili, nikatia msumari kila kichwa, nikamwachia kijana mmoja tepu apime kila asubuhi na aandike. Bila kipimo mnabaki kubishana, huyu akisema umepanuka, yule akikataa. Baada ya mvua ya kwanza uliongezeka, na ubishi ukaisha.

Malundo ya makaa yana ukaguzi wa ziada wa moto: moshi, ardhi yenye joto, harufu ya kiberiti, kwa sababu makaa yaliyobaki ndani huweza kujiwasha yenyewe. Matumbawe hayana hayo, nikaruka.

Kazi ngumu ilikuwa kuzuia uchotaji. Kifusi cha bure hupakiwa mashuani kikaletwa Amu kujaza sakafu, na mchotaji huanza pale palipo rahisi, yaani kitakoni. Ukitoa kitako umetoa kinachoshikilia juu. Wengine walinuna, wana haki, ndiyo riziki yao. Tulikubaliana wachote upande ule mwingine, ulio mfupi na mkavu.

Ukingo uliteremshwa kuanzia juu, kidogo kidogo kwa majembe, hakuna mtu chini. Tukachimba mtaro nyuma ya lundo ili maji ya timboni yasipenye ndani, na ufa tukaujaza udongo na kuushindilia. Njia ya gatini imehamishwa ng'ambo ya miti. Ni ndefu zaidi na watoto wanalalamika. Vigingi bado vipo, na yule kijana anaendelea kupima hadi masika yaishe.