Uzoefu wangu wa kuendesha seva za kubadili video jijini Mbeya

Studio ninayoihudumia iko Mwanjelwa, jijini Mbeya, na kazi zake nyingi ni video za kwaya, za harusi na za mafunzo ya kilimo yanayorekodiwa Rungwe, Mbozi na Makete. Video inayotoka kwenye kamera haifai kumfikia mtazamaji jinsi ilivyo, kwa sababu ni nzito mno na watazamaji wetu walio wengi hutumia simu na hulipia bando kwa fedha zao. Ndiyo maana kila faili hupita kwanza kwenye seva, ambako hufunguliwa, hupunguzwa ukubwa wa picha na kubanwa upya katika matoleo matatu: la mistari 720 ya kimo cha picha, la 480 na la 360. Toleo la kilobiti 500 kwa sekunde hula MB 225 kwa saa nzima, ilhali la kilobiti 2,500 hula zaidi ya GB 1 kwa muda uleule. Kwa mkulima wa viazi anayetaka kuona namna ya kupiga dawa ya ukungu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua iwapo ataimaliza video au ataiachia njiani.

Nilipokabidhiwa kazi hii, jambo nililolitanguliza halikuwa kasi. Kubadili video ndefu huchukua saa nyingi, na umeme unaweza kukatika katika saa yoyote kati ya hizo. Kwa hiyo niliamua kwamba kila kazi lazima iweze kuzimika katikati na kuendelea yenyewe umeme ukirudi, bila mtu kuigusa na bila kurudia yaliyokwisha kufanyika. Sharti hilo moja ndilo lililopanga mengine yote.

Ugumu wake uko kwenye faili lenyewe. Faili la MP4 kwa kawaida huandikiwa faharasa yake, yaani orodha ya mahali kila sehemu ya video ilipo, mwishoni, na programu ikizimika kabla ya kuiandika, kilichobaki kwenye diski hakifunguki, hata kama saa mbili za video zilikwisha kubanwa. Suluhisho langu ni kuikata video asilia katika vipande vya dakika moja hivi kabla ya kuanza kubana. FFmpeg, programu ya kuchakata video, huikata haraka kwa kuwa hunakili data tu bila kuibadili. Ukataji hufuata fremu kuu, yaani zile zinazobeba picha kamili isiyotegemea fremu za jirani, hivyo vipande havilingani urefu, na hilo halina madhara yoyote. Kila kipande kinakuwa kazi inayojitegemea kwenye foleni, na mashine zote za studio huchota kutoka foleni hiyo moja.

Kipande kinachobanwa huandikwa kwa jina la muda. Kikikamilika, ffprobe, programu ya ukaguzi inayokuja na FFmpeg, hulinganisha idadi ya fremu na ile ya kipande asilia, kisha programu huagiza data ishushwe hadi kwenye diski, kwa sababu Linux, mfumo endeshi wa seva zetu, huwa inaishikilia kwenye kumbukumbu kwa kitambo, na baada ya hapo tu ndipo jina la muda hubadilishwa kuwa jina la kudumu. Ndani ya mfumo uleule wa mafaili, kubadili jina hufanyika kwa mara moja, ama limebadilika ama halijabadilika, na hakuna hali ya katikati. Seva ikiwaka tena, hufuta yote yenye majina ya muda na kuendelea na vipande ambavyo havijakamilika. Hasara ya umeme kukatika inabaki kuwa kazi ya kipande kimoja kwa kila mashine.

Sauti sikuikata, na hapa ningependa kila anayefuata njia hii awe mwangalifu. Kodeki (njia ya kubana sauti au picha) ya AAC, tunayoitumia kwa sauti, huongeza sampuli za ukimya mwanzoni mwa kila faili inalotengeneza. Sauti ikibanwa kipande kwa kipande, kila kiungo hubeba mwanya mdogo, ambao katika hotuba unaweza usisikike, lakini kwaya inaposhikilia noti ndefu husikika waziwazi. Mwalimu wa kwaya hatakubali, na ana haki. Kwa hiyo sauti hubanwa nzima kwa pamoja, jambo lisilochukua muda mrefu, kisha huunganishwa na picha mwishoni. Katika hatua hiyo ya kuunganisha, faharasa huhamishiwa mwanzoni mwa faili, ili simu ianze kuonyesha kabla haijapakua yote.

Kodeki tunayoitumia kwa picha ni H.264, ambayo kiwango chake kilitolewa mwaka 2003. HEVC ya mwaka 2013 na AV1 ya mwaka 2018 hubana zaidi kwa ubora uleule, lakini simu nyingi za bei nafuu zilizo mikononi mwa watazamaji wetu hazina uwezo wa kuzifungua bila kukwama, na kubana kwa AV1 kunaitaabisha prosesa kupita kiasi. Natumia libx264, programu ya kubana kwa H.264, kwa CRF (kipimo cha ubora) ya 23, ambayo ndiyo thamani yake ya kawaida, nikiiwekea kikomo cha kilobiti kwa kila toleo. Mashine zetu ni kompyuta za ofisini zilizokwisha kutumika, zenye prosesa za Intel, na zina Quick Sync, teknolojia iliyoanza mwaka 2011 ya kubana video kwa sehemu maalumu ya prosesa. Ni ya kasi na haili umeme mwingi, ila katika kilobiti chache picha zake huvurugika mapema kuliko za libx264 iliyopewa muda. Naitumia kwa nakala za kumwonyesha mteja tu. Toleo litakalotazamwa na watu wengi linastahili kusubiriwa hadi asubuhi.

Chumba cha seva nacho kina mahitaji yake. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi hubeba joto kidogo kuliko ya pwani, japokuwa baridi ya Juni na Julai hutusaidia sana. Vumbi la kiangazi ndilo adui mkubwa, kwa hiyo feni husafishwa mara kwa mara mpaka mvua zinapoanza kunyesha Novemba. Mvua nazo huja na radi. Fundi wetu wa umeme, mzee aliyeizoea milima hii, alisisitiza waya wa ethi uchimbiwe upya, nami nikaongeza kipande cha kebo ya nyuzi za kioo kati ya antena ya paani na swichi, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme. UPS, yaani betri ya akiba, haikukusudiwa kuendesha kazi usiku kucha. Inatoa dakika za kutosha seva kupata taarifa, kuacha kuchukua vipande vipya na kujizima kwa utaratibu.

Picha za mnato ni nyepesi zaidi, lakini zina mtego wa kumbukumbu: picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000 inaweza kuwa faili la MB 8, na ikifunguliwa hufika MB 72 walau. Nilichagua programu ya libvips kwa sababu huichakata picha sehemu kwa sehemu. Kila picha hugeuzwa kwanza kulingana na alama ya mwelekeo iliyowekwa na kamera, kisha taarifa za mahali ilipopigwa huondolewa, maana nyumba ya bibi harusi si habari ya kusambazwa.

Mafaili yote yanayotoka nje nayachukulia kuwa yanaweza kuwa na hila. Mwaka 2016 ulifichuliwa udhaifu katika ImageMagick, programu ya kubadili picha, uliowezesha picha iliyotengenezwa kwa nia mbaya kuendesha amri kwenye seva. Kwa hiyo programu za kubadili huendeshwa na mtumiaji asiye na mamlaka, bila njia ya kufika kwenye mtandao.

Kila wiki napitia ripoti za SMART, yaani taarifa ambazo diski zenyewe hutoa kuhusu afya yao, na diski inayoanza kuhamisha sekta zilizoharibika huondolewa kazini hata kama bado inasomeka. Video asilia hukaa kwenye diski mbili zilizo katika majengo tofauti, kila moja ikiwa na alama yake ya sha256, inayoonyesha kama faili limebadilika, na hazifutwi mpaka mteja atie saini kwamba ameipokea kazi na kuikagua.