Kadi yenye 17 mgongoni

Jumamosi moja ya Februari 2013, mjomba alinigongea mlango kabla hakujapambazuka. Theluji ilikuwa imefika kwenye vifundo vya miguu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Amka mjomba, tukichelewa tutakuta zilizobaki."

Nilikuwa na miezi mitano tu Pittsburgh. Yeye alitoka Tanga miaka mingi kabla yangu, na muda wote huo alikuwa akikusanya kadi za besiboli za aina moja, zile ambazo wakusanyaji huziita T206. Jina hilo limetoka kwenye orodha ya Jefferson Burdick, bwana wa Syracuse aliyezipanga kadi za Marekani kwa herufi na namba. T ni ya tumbaku. Tangu 1909 hadi 1911 kampuni ya American Tobacco ilikuwa ikitia kadi hizo ndani ya pakiti za sigara za Piedmont, Sweet Caporal na nyinginezo. Upana wake ni kama wa kiberiti, urefu umezidi kidogo, na picha zake zina rangi ambazo mpaka leo sijaona mfano wake: anga la machungwa, majani ya kijani kibichi, uso wa mchezaji umechorwa kwa upole kama picha ya harusi.

Kwetu Tanga tuliokota pakiti tupu za Sportsman na Embassy, tukazikunja ziwe noti za kuchezea duka. Nilipomsimulia mjomba alisema, "Basi ulishaanza."

Maonyesho ya kadi yalikuwa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Meza zilijaa, wazee wameinamia visanduku, kahawa inanukia. Hakuna aliyekuja kutafuta kadi ya mchezaji Honus Wagner, mzaliwa wa viunga vya mji huo huo. Kadi yake iliondolewa mapema, zikabaki chache. Wapo wanaosema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake, wapo wanaosema alitaka alipwe. Miaka minane baada ya siku ile, moja iliuzwa dola milioni 6.6. Mjomba hakuwahi kuitamani mbele yangu. Alichokitaka ni wenzake Wagner, wale Pirates, timu ya Pittsburgh, wa 1909 walioifunga Detroit na kutwaa ubingwa.

Kwenye meza ya tatu niliona kadi mbili za Tommy Leach, mmoja wao, picha ile ile, ameinama, mikono tayari kwa mpira. Moja ilikuwa nyeupe, pembe kali. Nyingine ilikuwa imechoka: mkunjo kwenye bega, pembe zimekuwa duara, na mgongoni, juu ya tangazo la Piedmont, mtu ameandika 17 kwa penseli. Mkono wangu ulikwenda kwenye ile safi. Nilishaanza kuhesabu noti.

Mjomba alinigusa kiwiko. Alitoa kadi yake moja mfukoni akailaza juu ya ile safi. Ile safi ilipungua ubavuni, uzi mmoja tu. Hilo peke yake halitoshi, alinieleza baadaye, maana hata kiwandani hazikukatwa sawasawa. Akanipa lenzi. "Tazama ukingo, usitazame picha." Uso wa kadi ulikuwa na manjano ya karne nzima, lakini ukingo ule mmoja ulikuwa mweupe kama mkate uliokatwa sasa hivi.

"Imenyolewa," alisema kwa Kiswahili, taratibu, ili muuzaji asifedheheke mbele za watu. Mtu alipitisha wembe ili pembe zilizochakaa ziondoke.

Niliona uchungu, na sababu haikuwa fedha. Kadi ile ilipita mikono mingapi, ikavuka vita viwili, halafu mtu akaikata ili ionekane haijashikwa na yeyote.

Nikanunua ile yenye 17, dola 45.

Ndani ya gari niliuliza swali lililonikaa moyoni tangu nianze kuzitazama albamu zake: mbona hamna hata mtu mweusi mmoja, na kadi zimepita 500? Mjomba aliendesha kimya mpaka taa nyekundu. Akasema walizuiwa ligi kubwa mpaka Jackie Robinson alipowafungulia mlango, mwaka 1947. Akanitajia Homestead Grays, timu ya watu weusi, na mchezaji wao Josh Gibson, waliocheza katika mji huu huu bila kuruhusiwa kucheza na hawa. "Kila nikifungua albamu nawaona wasiokuwepo," alisema. Taa ikawaka kijani.

Hakunirudisha nyumbani moja kwa moja. Alisimamisha gari mtaa wa Oakland, karibu na chuo kikuu, kwenye ukuta wa matofali uliobaki wa Forbes Field, uwanja wa zamani wa Pirates. Ukuta wenyewe ulijengwa baadaye, lakini uwanja ulikuwa pale tangu 1909, na mwaka ule Leach, mtu mfupi mwenye mbio, alilinda eneo la katikati, mbele ya pale tuliposimama.

Nilimpa kadi. Aliikinga kwa kiganja, akaigeuza, akaisoma ile penseli kwa muda mrefu. Zamani watoto walisimama nje ya maduka ya tumbaku wakiwaomba wavutaji wawape picha. Huyu alishafika ya kumi na saba.

Theluji ikaanza tena. Mjomba akanirudishia.

"Tia mfuko wa ndani," alisema. "Asilowe."