Siku Yangu Ndani ya Matumbo ya Sangara

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Nafika mwaloni mitumbwi ya dagaa ikiwa imeshatua na ya nyavu za makila ndiyo kwanza inaingia. Mimi ni fundi wa maabara. Nafuatilia chakula cha samaki wa Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, na samaki hahojiwi, anapasuliwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti wa matumbo. Pasua, ila bondo langu nilione zima."

Ana haki. Kilo ya bondo la sangara, yaani mfuko wake wa hewa, huuzwa kwa bei inayoiacha mbali sana kilo ya mnofu, kwa hiyo kisu changu kinapita juu juu, pole pole, mwenyewe akiwa amenisimamia begani.

Saa moja asubuhi

Ubao wa kupimia, mizani, daftari. Urefu kwanza, uzito, kisha tumbo. Wengi leo hawana kitu. Sangara akivutwa haraka kutoka kina kirefu, hewa ya ndani ya bondo hutanuka na kulisukuma tumbo lije mdomoni, na kila alichokula kinabaki ziwani. Ndiyo maana napenda waliovuliwa maji mafupi.

Wenye kitu wanajipanga kwa ukubwa. Wadogo wamejaa uduvi, mweupe kama uji mzito, na mara mojamoja viluwiluwi vya kereng'ende. Wa kati wana dagaa na furu, wale samaki wadogo wa ziwa hili. Mkubwa wa leo, ambaye vijana wawili wanamburuta, ana sangara mtoto tumboni, amemezwa mzima kuanzia kichwa.

"Huyu kala mjukuu wake!" kijana mmoja anacheka. Huenda kweli. Furu walipokaribia kwisha, miaka ya 1980, watoto wa sangara na uduvi ndio waliobeba sehemu kubwa ya mlo wa sangara. Samaki mwingine angekufa njaa akishamaliza chakula chake. Huyu alibadilisha tu.

Saa nne

Maabara. Kazi ya kuinamia darubini, na harufu ambayo familia yangu imeizoea.

Samaki aliyeyeyuka tumboni hana sura, lakini vijiwe vya sikio huchelewa kuyeyuka, na umbo lake hunieleza kama alikuwa dagaa, furu au sangara. Navipanga kwenye vikopo vidogo. Hapa ndipo siku inapokwenda, na sitawachosha.

Ila furu niwaseme kidogo. Ziwa hili lilikuwa na spishi zaidi ya 500 za furu, karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Walikuwepo wala mwani, wavunja konokono, wala mayai ya wenzao, hata wanaokwangua magamba ya samaki wengine. Waligawana chakula na maji kwa ustadi huo. Kisha sangara, aliyeletwa kutoka maziwa ya Albert na Turkana miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka ghafla. Furu jike hutaga mayai machache na kuyalea mdomoni. Sangara jike hutaga mamilioni na kwenda zake. Inakadiriwa spishi zipatazo 200 zilitoweka, nyingine kabla hazijapewa jina.

Saa saba mchana

Ugali, na ubishi. Nahodha wetu, mtu wa Ukerewe, anashikilia kwamba ngege, ndugu mwenyeji wa sato, naye alimalizwa na sangara.

"Wewe unapasua kila siku, unabisha nini?"

Nabisha kwa sababu napasua. Sangara alimla ngege, sikatai. Lakini ngege alikuwa ameshaanza kupungua kabla, kwanza kwa nyavu zetu wenyewe, kisha kwa sato. Watu wengi wanadhani sato ni mwenyeji hapa. Naye aliletwa miaka ya 1950, baada ya ngege kuvuliwa kupita kiasi. Sato hukua mkubwa kuliko ngege, anakula vitu vingi zaidi, anagombania naye sehemu za mazalia na malezi ya vifaranga, na juu ya hayo anazaa naye, ngege akipotelea ndani ya ukoo wa sato. Hakuna tumbo nitakalopasua nikaukuta ushahidi wa hayo. Ngege halisi sasa umtafute kwenye vimaziwa vya pembeni, kama Kanyaboli kule Kenya, ambako sangara hakufika.

Nahodha anamalizia mchicha. "Basi sato ni mnafiki," anasema. Tunakubaliana hapo.

Saa nane na nusu

Tunatoka na boti hadi kwenye visiwa vya mawe. Nyavu za macho madogo, dakika chache tu, tunatoa. Furu wa mawe walisalimika zaidi kwa kuwa sangara, na mwili wake ule, hawezi kuwafuata kwenye mianya. Leo tumempata dume mmoja mwenye mgongo mwekundu, wa spishi iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere. Jike huchagua dume kwa rangi, kwa hiyo maji yakichafuka asione vizuri, spishi zinaanza kuchanganyika. Yaani hata mawe hayatoshi kumlinda. Mwenye mgongo mwekundu tunamrudisha.

Wako pia furu wa maji ya wazi walioanza kurudi miaka ya 1990, sangara alipovuliwa sana. Baadhi yao wamerudi na matamvua makubwa kuliko ya mababu zao, wanastahimili maji yenye hewa kidogo ambayo sangara hayapendi.

Saa kumi na moja jioni

Kuingiza takwimu. Kilichonishika leo ni matumbo ya sato niliyoyachukua kama nyongeza. Zamani vitabu vilimtaja sato kama mla mwani. Mwani upo, lakini upo pia uduvi mwingi na mabuu ya wadudu. Wenzangu wameliona hili pia: tangu furu wapungue, sato amepanua meza yake. Sasa anakula chakula kilekile cha watoto wa sangara.

Naweka alama nyekundu kwenye safu hiyo, kesho nataka sato zaidi.

Njiani nampitia mama muuza samaki. Ananiparia sato wawili, na utumbo anaufungia kwenye mfuko wake peke yake.

"Na wa wateja wengine je, mama?"

"Nimekuwekea, mwanangu. Uko kwenye ndoo, funika pua."