Nilipoacha kuandika "ploti inauzwa"
Kwa miaka mingi nilitangaza kazi yangu ya uwakala wa mashamba na nyumba hapa Nakuru kwa maneno yale yale: ploti ya futi 50 kwa 100, Kiamunyi, bei ya maelewano. Waliopiga simu walikuwa madalali wenzangu.

Mwezi uliopita niliandika jinsi mnunuzi anavyofanya upekuzi wa hatimiliki katika afisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi moja ya amana, na kwa nini ramani ya mpima ardhi hulinganishwa na bikoni (alama za mipaka) zilizomo ardhini, kwa kuwa hapo ndipo wengi huumia. Usiku huohuo dada mmoja anayefanya kazi Qatar aliniomba nimkagulie ploti aliyoonyeshwa Lanet. Nilimrekodia video kuanzia stejini hadi mpakani, pamoja na matope yote. Bikoni mbili zilikuwepo, ya tatu ilikuwa ndani ya ua wa michongoma wa jirani, na ya nne hatukuiona kabisa.

Hakuinunua, nami sikupata kamisheni (mke wangu bado ananicheka). Hata hivyo, ameshaniletea wateja wawili, na mpima mmoja wa Kisumu aliyesoma andiko lile sasa hunielekezea watu wanaohamia huku.